Mlingoti Alioutengeneza Aminieli

Watu wa Akheri wakikwambia Aminieli hana woga, waulize kama wamewahi kumshikia kamba. Mimi ndiye niliyemshikia, mimi mke wake, Ndeshi, mama Vaileth. Kila mti alioupanda yule mwanaume, mimi nilikuwa chini natetemeka mpaka meno yanagongana. Watu wakiniona wanasema ni baridi ya mlimani. Baridi gani ya saa sita mchana, jamani? Ni woga. Mimi ni mwoga, nasema waziwazi wala sioni aibu, maana wahenga walishasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio.

Kazi yake ni kushusha miti. Siyo kukata tu. Kukata kila mwenye shoka anakata. Huku kwetu nyumba, migomba, kahawa, banda la ng'ombe na kaburi la babu vyote viko kwenye shamba moja, na katikati yake umesimama mgrevilea mrefu kuliko mnara wa kanisa, tena umeanza kuinamia paa. Ukiuangusha hovyo umevunja nyumba, au umelaza kahawa ya jirani na mtaburuzana mpaka kwa balozi wa nyumba kumi. Kwa hiyo Aminieli anapanda mpaka juu kabisa, anajifunga mkanda kwenye shina, kisha analifunga tawi kwa kamba. Kamba inapita kwenye panda ya mti, inashuka chini, inazungushwa kwenye shina la mti mwingine, na mwisho wake uko mikononi mwangu. Akilikata, tawi halianguki. Linabaki linaning'inia, nami nalishusha polepole mpaka chini.

Kabla ya kukata huwa anaita kutoka juu, "Umeshika?" Nami najibu, "Nimeshika!" Hapo ndipo anakata. Akitaka nishushe anasema "legeza". Neno "achia" kwenye kazi yetu halitamkwi, hata kwa utani. Kulikuwa na fundi mwenzake kule juu karibu na msitu, mshika kamba wake aliingiliwa na siafu kwenye suruali, akaachia. Tawi likarudi kwa nguvu likamkuta fundi palepale alipojifunga. Tulimzika mvua inanyesha. Tuliporudi nyumbani Aminieli akanikalisha, akaniambia, "Mama Vaileth, siafu wakikupanda waache wakule. Nyuki wakija waache wakuume. Kamba usiachie." Mimi sijawahi kuachia. Kiganja changu cha kulia kina sehemu laini isiyo na mistari, kamba iliniunguza siku ya mkaratusi wa pale shuleni, na sikuachia.

Na yeye hivyohivyo. Mpe kamba ya ng'ombe, ya mbuzi, hata kamba ya kuanikia nguo, ataizungusha mkononi kwanza ndipo aongee na wewe. Alianza kumshikia baba yake kamba akiwa hajaota ndevu, na mkono ukishazoea jambo hauulizi tena akili.

Sasa huyu Stanley. Ni mwenyeji wa Kikatiti, kampita mume wangu umri kidogo. Ujana wake wote kaumalizia Mwanza kwenye meli za ziwani, akastaafu, akarudi nyumbani. Wenzake wakistaafu wanarudi na makochi. Yeye karudi na boti! Na boti yenyewe siyo ya mtu mwenye akili timamu: vitumbwi viwili vyembamba vya plastiki ngumu, vimeunganishwa kwa vyuma, katikati limetandikwa turubai la kukalia, na hapo juu unasimama mlingoti wa kufungia tanga. Injini haina. Ukingo wa kushikilia hauna. Unakaa kwenye turubai, maji yanakuchungulia kutoka chini. Anaiita katamarani, eti ni ya kujifurahisha. Nikamuuliza, "Shemeji, hapo raha iko upande gani?" Alicheka mpaka akakohoa.

Akaiweka Duluti. Hilo ni ziwa dogo, chini yetu kidogo karibu na Tengeru, limekaa ndani ya shimo la volkano na msitu umelizunguka pande zote. Sisi tulilelewa kwa kutishwa nalo. Tuliambiwa halina mwisho, kwamba ukizama hutafutwi, unaimbiwa tu pambio ukingoni. Mtu wa mlimani maji anayoyajua ni ya mfereji, yanayoishia kwenye kifundo cha mguu. Kuogelea hatujui. Aminieli hajui, mimi sijui, na wazazi wetu walikufa hawajui.

Basi Stanley akasimama kanisani wakati wa matangazo, akaahidi kwamba sikukuu ya Mikaeli, ile Jumapili ya watoto mwishoni mwa Septemba, atawapeleka watoto wa shule ya Jumapili kutembea ziwani kwa tanga. Kanisa zima likapiga makofi. Mjukuu wangu Prisca, mtoto wa Vaileth, ndiye aliyeruka juu kuliko wote. Mimi makofi sikupiga.

Na Mungu naye kama vile alinisikia, maana haukupita muda mlingoti ukavunjika. Stanley alikuwa anausimamisha peke yake ufukweni, ukamponyoka, ukaangukia jiwe na kukatika katikati. Ulikuwa wa aluminiamu, mtupu ndani. Fundi wa kuchomelea akauunga, ukakatika tena palepale kabla haujasimama vizuri. Mwingine ni wa kuagiza ng'ambo, na Stanley alisema ungefika Krismasi. Nikajisemea, asante Yesu, shauri limekwisha.

Halijaisha. Siku moja nikaona kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kinaingia uani kwetu, nyuma vimelala vile vipande viwili vya aluminiamu, na Stanley anashuka.

"Fundi, shikamoo ya miti," akatania. "Nasikia hakuna nguzo inayokushinda."

"Inategemea na nguzo yenyewe," Aminieli akajibu, lakini macho yake yalishakwenda kwenye kirikuu. Nikajua nimekwisha. Mume wangu akiona kitu kirefu kinachotakiwa kusimama, huwa kama mlevi aliyesikia harufu ya mbege. Enzi zile televisheni hazishiki bila antena, ni yeye aliyesimamisha karibu kila antena ya kata hii.

"Ni antena tu, mama Vaileth," akaniambia jioni. "Nguzo moja, nyaya tatu za kuishikilia."

"Antena haiendi majini."

"Hata mimi siendi majini. Mimi nachonga tu."

Ndivyo alivyosema, kwa mdomo wake.

Mti aliufuata Olmotonyi, upande wa pili wa mlima, kwa Loishiye, Mwarusha mmoja anayeuza nguzo kutoka mashamba ya misitu. Nilikwenda naye, maana kumpandisha na kumshusha Aminieli kwenye gari na mbao bila mimi ni kutafuta ajali. Alizunguka yadi nzima. Alikuwa anaugonga mti kwa mgongo wa panga na kuweka sikio. Mkaratusi aliukataa, mzito mno. Paini akaikataa, ina vifundo. Mwisho akachagua saipresi mmoja mwembamba, uliokulia kwenye giza la wenzake ukapanda wima kutafuta jua, na ulikuwa umekauka kivulini muda mrefu.

"Mzee, huu ni wa uzio?" Loishiye akauliza.

"Wa boti."

Loishiye alitutazama kwa zamu. "Boti? Hapa Meru? Mama, mpe mzee wako maji ya kunywa, jua limempiga." Nikamwambia asante baba, wewe ndiye mtu wa kwanza mwenye akili kukutana naye wiki hii.

Kuchonga alichonga vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Aliweka vile vipande vya zamani pembeni akapima kila tundu. Akaupiga randa mpaka ukawa mviringo, mnene chini, mwembamba juu. Mlingoti wa zamani ulikuwa na mfereji mwembamba wa kupitisha tanga. Kwenye mti hilo haliwezekani, kwa hiyo akatengeneza pete za kamba za kulishika tanga, zinazopanda na kushuka. Chini akauvisha kofia ya chuma ili ukae sawasawa kwenye kitako chake. Akaupaka vanishi mara nyingi, na kila ukikauka anaupapasa kwa kiganja akiwa amefumba macho. Uani kwangu kulinuka saipresi mpaka ndani ya sufuria. Kuna saa nilimtazama nikampenda kabisa, mzee wangu yule na vumbi la randa kwenye nyusi.

Jumamosi ya wiki moja kabla ya Mikaeli, tukaupeleka ziwani kuusimamisha. Hapo kamba nilishika mimi, na hapo sikuogopa sana, maana tulikuwa kwenye nchi kavu na kazi ni ileile. Aminieli aliuinua kwa bega, mimi navuta kwa mbele, Stanley anafunga nyaya. "Umeshika?" "Nimeshika!" Ukasimama wima, ukatulia. Stanley akaupiga konzi, akapiga mluzi, akasema hata Mwanza hajaona mlingoti wa mti ulionyooka vile. Nikaanza kukusanya vitu vyangu kwenye kikapu nirudi nyumbani nikapike.

"Haya fundi," Stanley akasema, "nikaujaribu. Ila inatakiwa mtu wa pili, peke yangu boti ni nyepesi mno."

Kikapu kikanitoka mkononi. Nilishajua jibu. Aminieli hutengeneza na ngazi, na hakuna ngazi iliyowahi kutoka kwetu bila yeye kuipanda kwanza mpaka kidato cha mwisho na kurukaruka juu yake. Hiyo ni sheria yake, kairithi kwa baba yake: kazi ambayo mwenyewe hujaipanda, usimpandishe mtu. Na kweli akaanza kuvua viatu.

"Baba Vaileth," nikamwita. "Viatu vya nini?"

"Siku ya Mikaeli Prisca atakaa juu ya kitu hiki. Nimpandishe mtoto mti ambao mimi sijaupanda?"

"Huo siyo mti! Ni maji! Ulisema huendi majini!"

"Nitakaa tu, mama Vaileth. Stanley ndiye anaendesha."

Nilimwambia yote. Nilimwambia hajui kuogelea. Nilimwambia habari ya ziwa lisilo na mwisho. Nilimtajia mama yake marehemu. Sikio la kufa halisikii dawa. Alivaa lile jaketi la kuokolea la rangi ya machungwa, likambana tumbo, akapanda kwenye turubai kwa magoti. Uso wake haukuonyesha kitu, ni uso uleule wa siku zote za miti.

Stanley akamkabidhi kamba ya tanga. "Kazi yako ni hii tu. Ukivuta, tanga linakamata upepo, tunakwenda. Upepo ukizidi, unaachia. Unaachia tu, kamba inakimbia yenyewe, boti inatulia. Mimi nitakuwa kwenye usukani."

Aminieli akaitikia kwa kichwa. Akaizungusha kamba mkononi.

Nikakimbilia ukingoni. "Stanley!" nikaita. "Stanley, huyu mtu hajui kuachia! Mpe usukani, mpe kitu kingine!"

"Shemeji, kuachia kunafundishwa?" Akacheka. "Hata mtoto mchanga anaachia."

Wakasukuma, wakaondoka.

Mwanzoni ilikwenda taratibu. Tanga lilijaa upepo kidogo, ile boti ikateleza bila sauti yoyote, na hilo la kutokuwa na sauti ndilo lilinitisha zaidi. Niliwafuata kwa miguu kwenye njia ya ukingoni, nang'ang'ania miti, nasali kwa Kimeru na Kiswahili kwa pamoja, zaburi moja sikuimaliza naruka nyingine. Stanley alikuwa anaongea na kuonyesha kwa kidole. Aminieli amekaa wima, mkono wenye kamba kifuani, hageuki kulia wala kushoto.

Upepo wa Duluti siyo upepo wa sehemu ya wazi. Unazuiwa na kingo za shimo na msitu, halafu ghafla unapita juu na kushuka chini wote kwa mkupuo. Niliona miti ya msitu wa ng'ambo ikiinama. Kisha nikaona maji yakibadilika rangi, weusi unakimbia juu yake kuwaelekea. Nikapiga kelele, lakini kelele yangu haikufika kabla ya upepo.

Kitumbwi cha upande wa upepo kikainuka kikatoka majini kabisa. "Achia!" nikamsikia Stanley. "Fundi, achia kamba! Achia!"

Mume wangu alifanya kile anachokijua. Aliizungusha kamba mara nyingine mkononi, akakaza meno, akaegemea nyuma akavuta kwa nguvu zake zote, kama tawi limeanza kukimbia na chini yake kuna nyumba ya watu. Na kadiri alivyovuta ndivyo tanga lilivyozidi kukamata upepo, na kitumbwi kikazidi kupanda juu. Boti ikasimama kwa ubavu. Ikakaa hivyo kidogo, halafu ikalala, na tanga lote likapiga maji kofi moja kubwa.

Nikaona kichwa cha Stanley. Kingine sikukiona.

Sijui nililia nini. Nasikia kuna watu waliokuwa wanavua samaki upande wa pili walidhani ni mnyama. Halafu rangi ya machungwa ikachomoza kati ya tanga na turubai, nikamwona, na kile nilichokiona kilinifanya nitamani nisingemwona. Jaketi linamwinua, kamba inamvuta. Mkono wake ulikuwa umefungwa na ile kamba aliyoizungusha mwenyewe, na kila wimbi likisukuma tanga, mkono unakwenda chini na uso unaufuata. Anazama, anatoka, anakohoa, anazama. Mlingoti ulikuwa umelala juu ya maji unaelea, maana saipresi mkavu hauzami, na nadhani hilo tu ndilo lililoizuia boti kugeuka miguu juu na kumfunika.

Stanley aliogelea akamfikia. Akamshika vidole avifungue. Wapi! Mikono ile ilishashika miti mizima. Aminieli akamsukuma kwa mkono wa pili, akamtia teke, akashika kamba kwa nguvu zaidi. Stanley akanyanyua kichwa akapiga kelele, siyo kwangu, kwa Mungu labda: "Haachii! Nikiiinua boti itamburuza! Haachii!"

Upepo ulikuwa umeisukuma boti karibu na ukingo wangu. Hapo nikaingia majini. Mimi. Na kitenge changu na viatu vyangu. Matope yakanishika, maji yakafika magotini, kiunoni, kifuani, baridi ikanikata pumzi, na kila hatua nilikuwa nasubiri ile sehemu ambayo ziwa halina chini. Nilikuwa naogopa kiasi ambacho sikijui jina lake. Nikaita, "Baba Vaileth!" Hakusikia. Nikaita tena. Uso ukazama. Ulipotoka nikaita jina ambalo mke wa kwetu hamwiti mumewe:

"Aminieli!"

Akageuza uso. Macho yalikuwa wazi lakini hayanioni. Na akanijibu, jamani, akanijibu kwa ile sauti yake ya juu ya mti, sauti imejaa maji:

"Umeshika?"

Alidhani yuko kazini. Alidhani kuna kitu kinaanguka na sisi wawili ndio tunakizuia. Mikono yangu ilikuwa mitupu, imeinuliwa juu ya maji. Nikapiga kelele kwa roho yangu yote, "Nimeshika! Nimeshika mimi, Aminieli! Wewe achia! Achia!"

Lile neno alilisikia. Niliona limemwingia, kwa sababu alinitazama kwa mshangao, kama nimemtukana mbele za watu. Kisha vidole vikafunguka. Kamba ikakimbia, tanga likalegea, Stanley akamkamata kwa kola ya jaketi na kumvuta pembeni. Wale wavuvi walikuwa wameshafika na mtumbwi wao. Wakambeba. Na mimi wakanibeba, maana miguu ilikataa kutoka kwenye matope.

Alilala kwenye majani ukingoni akatapika maji, akatapika na chai ya asubuhi. Stanley alipiga magoti pembeni anaomba radhi, analia kama mtoto, mzee mzima. Sikuwa na nafasi ya kumtukana, ingawa matusi nilikuwa nayo tayari. Boti wakaisimamisha. Mlingoti ulikuwa mzima, hauna hata ufa, nyaya zote ziko mahali pake. Mmoja wa wale wavuvi akamwambia Aminieli, "Mzee, kazi yako imara." Hakugeuza hata kichwa kuutazama.

Nyumbani nilimbadilisha nguo, nikamkalisha jikoni karibu na moto, nikampa uji. Mkono wake ulikuwa umevimba, alama ya kamba imezunguka kuanzia kiganja mpaka kwenye kifundo. Alikunywa kidogo akaweka kikombe chini.

"Mama Vaileth," akasema, "mimi naogopa."

"Pole. Maji yatakutoka kichwani. Usiku wa leo tu, kesho utakuwa sawa."

"Siyo maji. Miti."

Nikadhani homa imempanda. Nikamshika paji la uso. "Miti gani?"

"Yote. Tangu ule wa kwanza, nilipoanza kupanda badala ya baba. Nikifika juu tumbo linakatika. Naangalia gome tu, siangalii chini. Kuna siku nilijikojolea juu ya mkaratusi wa pale shuleni, nikakuambia ni mvua imebaki kwenye majani."

Mnajua nilifanya nini? Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikautupa mwiko kwenye majivu. Miaka yote hiyo! Miaka yote nimelala macho wazi kila mkesha wa kazi, nasikiliza anavyopumua taratibu, najiambia Ndeshi wewe mwoga, una mume jasiri unamwaibisha kwa kutetemeka kwako. Watoto nimewalea nikiwaambia muigeni baba yenu. Kumbe tulikuwa waoga wawili kitanda kimoja, kila mmoja anamfichia mwenzake! Nilimwambia hayo yote kwa sauti, majirani wakasikia, shauri lao. "Kwa nini hukusema? Kwa nini hukuniambia, wewe mtu?"

Aliniacha nimalize. Kisha akauliza polepole, "Ningesema, ungeshika kamba?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema ndiyo. Nikakaa kwenye kigoda kingine nikalia, naye akanyoosha ule mkono mzima akaniwekea begani, tukakaa hivyo mpaka uji ukaganda.

Jumatatu akaja mzee wa kanisa, mzee Elihuruma, na fimbo yake na kofia yake. Kwanza alitoa pole za ziwani. Akasema Stanley amekubali watoto wapelekwe kwa kasia tu, karibu na ukingo, tanga lishushwe kabisa. Nikashukuru. Kisha akageukia kilichomleta.

"Fundi, kuna ule mgrevilea umeegemea darasa la shule ya Jumapili. Upepo wa juzi umeulaza zaidi. Mchungaji anasema kabla ya Mikaeli uushushe, watoto watajaa pale. Nimemwambia hilo siyo tatizo, Aminieli yupo."

Aminieli alikuwa amekaa barazani, mkono wenye bandeji umelala mapajani. Nikasimama mlangoni, nikiwa tayari kusema anaumwa mkono, mkono utapona, tutafika tu. Ndivyo tulivyozoea.

"Siwezi, mzee," akasema. "Naogopa."

Mzee Elihuruma akacheka. Alicheka vizuri, kwa kupenda, kama mtu aliyesimuliwa kichekesho na rafiki yake wa siku nyingi. Akamsubiri Aminieli acheke naye. Aminieli hakucheka. Alikuwa anamtazama mzee machoni bila kukwepa. Kicheko cha mzee kikapungua, kikaisha. Akageuka kunitazama mimi.

"Umesikia," nikamwambia. "Anaogopa. Hata mimi naogopa. Mwambieni mchungaji darasa lifungwe, watoto wasome nje kwenye majani, mpaka apatikane mtu mwenye mashine."

Mzee alivua kofia akaishika magotini, akamtazama mume wangu kama anamwona kwa mara ya kwanza. Kisha akasogeza kiti chake karibu naye, nami nikaingia ndani kuwaletea chai.